Mashine ya maji moto si ya kila garaji

Katika garaji zetu za Lusangi, Kasongo na Kabambare mafundi wengi wanatamani kitu kimoja: mashine ya kuosha kwa maji moto yenye presha. Wengi wanaiita karcher hata ikiwa ni ya kampuni nyingine. Mpya ni bei kali, basi macho yanaenda kwa ile ya okazyo. Maoni yangu ni haya: kwa garaji nyingi za kwetu mashine hiyo haifai, hata ikiuzwa bei ya chini. Na yule anayeihitaji kweli achimbe shimo la maji machafu kabla ya kutoa feza.

Sisemi kwamba mashine ni mbaya. Mjerumani Alfred Kärcher alitengeneza ya kwanza ya aina hiyo katika Ulaya mwaka 1950, na mpaka leo inasaidia mafundi wa malori na mashine kubwa. Maji moto yanalainisha grisi na mafuta mazito ambayo maji baridi yanayasogeza tu huku na kule. Lakini tujiulize: kila siku tunaosha uchafu gani? Pikipiki nyingi zinatoka njiani zikiwa na matope, na matope hayahitaji moto. Tena, presha kubwa ikilengwa karibu na ruleman, mnyororo ao nyaya za umeme, inafukuza grisi na kuingiza maji. Mteja anaondoka na pikipiki inayongaa, kisha anarudi nayo imeharibika.

Sasa tufanye hesabu. Mashine ya kadiri inatumia lita 600 za maji kwa saa moja. Hizo ni bidoni 30 za lita 20. Kupasha maji hayo kutoka digrii 25 mpaka 75 kunakula karibu lita 4 za mazutu kila saa. Hapo bado pampu, ambayo inataka umeme. Moteri ya kilowati 3 inapoanza inavuta nguvu mara nyingi zaidi kuliko inapokwisha kuzunguka, kwa hiyo grupu inapaswa kuwa na nguvu mara mbili ao tatu ya ile iliyoandikwa kwenye moteri. Grupu nayo inakula mafuta yake. Vijana watano wakikusanya feza za likelemba kununua mashine, wajue kwamba bei ya kununua ni mwanzo tu. Je, mwenye pikipiki atakubali kulipa kuosha kwa bei inayorudisha mafuta hayo yote?

Hesabu ya maji ndiyo inayonigusa zaidi. Mashirika ya misaada yanachukua lita 15 kwa mtu kwa siku kuwa kipimo cha chini cha kunywa, kupika na kuoga. Saa moja ya mashine, basi, ni maji ya watu 40 kwa siku nzima. Tunao kati yetu ndugu waliokimbia vita upande wa Salamabila na vijiji vingine. Mama aliyeamka usiku kupanga foleni kwenye chemchemi hawezi kufurahi akiona kijana wa garaji anajaza bidoni 30 mbele yake. Ugomvi wa maji unaanzia hapo, na mara moja utaambiwa ni ugomvi wa wenyeji na wageni. Garaji itafute maji yake kwingine: maji ya mvua kutoka kwenye bati, ao kisima chake yenyewe.

Halafu yale maji yanakwenda wapi? Yanabeba mafuta ya moteri, mazutu na sabuni, yanateremka kwenye kijito, na chini ya kijito kuna watu wanaofua, wanaooga watoto na wanaoteka. Katiba yetu ya 2006, katika kifungu cha 48, inahakikisha haki ya kupata maji ya kunywa. Haki hiyo haikomi kwenye mlango wa garaji.

Shimo ninalosema si kazi ya injinia. Ni mashimo mawili yaliyojengwa kwa matofali na simenti ili yasivuje. Maji yanaingia katika la kwanza na kutulia. Mchanga unashuka, mafuta yanapanda juu. Bomba lililopindwa linachota maji ya chini na kuyapeleka katika la pili. Mafuta ya juu yanachotwa na kutiwa katika bidoni yenye alama. Lakini mjue jambo moja: maji moto pamoja na sabuni na presha yanakata mafuta kuwa matone madogo sana ambayo hayapandi upesi. Anayeosha kwa maji moto anahitaji shimo kubwa zaidi na subira zaidi.

Kama baada ya haya yote bado unaitaka, kwa sababu unatengeneza malori na moteri kubwa, usinunue kwa macho. Soma kwanza kibandiko: inataka volti ngapi, na fazi moja ao tatu? Nyingi zenye nguvu zinataka fazi tatu, na grupu ndogo haitaziwasha. Tazama mafuta ya pampu. Yakiwa meupe kama maziwa, maji yameingia ndani. Kama imetoka nchi za baridi, huenda maji yaliganda ndani na kupasua pampu. Itazame wakati inafanya kazi. Chukua bidoni ya lita 20 na saa: mashine ya lita 600 inapaswa kuijaza kwa dakika mbili. Iwashe moto wake kwa nusu saa. Moshi mweusi usiokoma ni alama ya moto usiochoma vizuri. Muuzaji akikataa kuiwasha mbele yako, rudi nyumbani na feza zako.

Na usimpe mtoto ile bunduki ya maji. Presha ya bar 100 inapenya ngozi. Kidonda kinaonekana kidogo, lakini ndani nyama imeumia. Mtu huyo anapelekwa hospitali saa ileile.

Kwa sisi wengine njia iko. Mashine ndogo ya maji baridi yenye moteri ya esanse inatosha kwa matope. Vyuma vyenye grisi vifunguliwe, vilowekwe katika pipa la maji yaliyopashwa kwa kuni, kwa sabuni na brosi. Ila pasiwe na esanse karibu na moto huo, na maji hayo moto yasiingizwe katika mashine ya maji baridi, yataunguza mipira ya pampu.

Ninaomba wenye garaji, machifu na wawakilishi wa waliohamishwa wakae pamoja kabla mashine ya kwanza haijafika, wakubaliane garaji itachota wapi na itamwaga wapi. Kazi ya vijana tunaihitaji, na chemchemi pia tunaihitaji.