Jiko la mkaa na jozi ya elektroni

Kwenye ioni ya amoniamu vifungo vyote vinne hulingana, hata kile ambacho nitrojeni ilikitolea elektroni zote mbili peke yake. Wanafunzi wengi hudhani ule mshale unaochorwa vitabuni kuonyesha kifungo cha aina hiyo ni kifungo dhaifu.

Mfano mwingine ni kaboni monoksidi. Ina vifungo vitatu: katika viwili, kaboni na oksijeni zimechangia sawa, lakini katika cha tatu, elektroni zote ni za oksijeni. Kaboni inabaki na jozi huru, na hapo ndipo penye hatari. Ukiivuta gesi hiyo, kaboni huikabidhi jozi yake kwa chuma kilichomo kwenye hemoglobini, pale pale panapokaa oksijeni, na hung'ang'ania kwa nguvu mara 200 hivi kuliko oksijeni. Gesi hiyo haina rangi wala harufu, na mkaa unaowaka huitoa. Ndiyo maana jiko la mkaa likiachwa linawaka chumbani, milango na madirisha yamefungwa, huua watu wakiwa usingizini. Walimu wa kemia, nawasihi mliseme hili darasani kabla msimu wa baridi haujaingia.