Kanda Iliyokatika
Juzi ndani ya daladala, binti aliyeketi mbele yangu aliipiga picha ndala yake iliyokatika kanda, akaitupia kwenye status ya WhatsApp, akarudisha simu mkobani bila kuitazama mara ya pili. Nikamwonea wivu. Tangu Instagram ije mwaka 2010 tumezoea kupanga sahani, kufuta chunusi, kisha kukesha tukihesabu waliopenda. Status haitangazi hesabu hiyo kwa watu, na baada ya saa 24 inajifia yenyewe. Wafaransa walioanzisha programu ya picha ya BeReal mwaka 2020 wakaenda mbali zaidi: arifa ikiingia una dakika 2 tu, na kamera ya mbele na ya nyuma zinapiga pamoja, hata kama una matongo machoni. Mgeni wa ghafla hula kilichopo jikoni. (Mke wangu anasema mimi ningeoga kwanza.) Ila hata huko wapo wanaochelewa makusudi hadi wafike ufukweni. Sidhani urembo ndio uliotuchosha. Tumechoka kupewa alama na watu ambao hatuwezi hata kuwapigia simu. Leo nimeweka picha ya kabati letu la vyombo, na shangazi keshauliza vikombe vyake vitarudi lini.