Majibu ya kinyama apewe mwenye mwili

Kuna mtindo hospitalini ambao ulipaswa kuwa umeshakufa zamani: majibu ya kinyama, yaani kile kipande kilichokatwa mwilini kikapimwe maabara, yakitoka anaitwa ndugu, mgonjwa anaachwa kwenye benchi.

Dada yangu ni mwalimu wa hisabati. Baada ya kutolewa uvimbe wa titi, siku ya majibu daktari alichungulia mlangoni akaniita mimi. "Kijana, njoo mara moja." Mle ndani akaniambia kwa upole, "Ni saratani. Dada yako tusimwambie kwanza, presha isije ikampanda." Alikuwa na nia njema, wala simlaumu kwa hilo. Nikamwomba tumwite mwenyewe.

Dada akaingia, akavaa miwani, akaisoma ile karatasi polepole kama anayesahihisha mtihani. Machozi yalimtoka, ndiyo. Kisha akauliza: kingo za kile kipande ziko safi, au saratani imefika mpaka pale kisu kilipopita? Mitoki ya kwapani iliyotolewa ni mingapi, na mingapi imeathirika? Vipokezi vya homoni vimepimwa? Hilo la mwisho lilimfanya daktari avute kiti. Havikuwa vimepimwa. Mimi peke yangu ningetoka na neno saratani tu, nikaenda kulilia chooni.

Na swali lile si dogo. Vipokezi hivyo ndivyo vinavyoonyesha kama vidonge vya tamoksifeni vitamsaidia mgonjwa au la. Bahati nzuri, nyama inayopelekwa maabara huwekwa kwenye formalini, ikagandishwa ndani ya nta, ikachanjwa vipande vyembamba kuliko unywele na kutiwa rangi ndipo mtaalamu aitazame kwa darubini. Kile kibonge cha nta huhifadhiwa. Kwa hiyo kipimo kilichosahaulika kilifanywa humo humo, bila kumkata Dada tena.

Ndugu wanaoficha husema wanamwonea huruma mgonjwa. Lakini mgonjwa ana macho! Shangazi ambaye hajakanyaga kwenu tangu Idi anashuka na kuku wawili, jikoni watu wananong'ona, watoto wanakatazwa kelele. Halafu utamdanganya vipi mtu anayejua kusoma, ukimfikisha Ocean Road, mahali ambapo jina la taasisi lenyewe lina neno saratani? Dawa za saratani mara nyingi hunyonyoa nywele na kutapisha. Hakuna "uvimbe wa kawaida" unaotibiwa hivyo.

Wapo wasiotaka kujua, na hiyo ni haki yao. Mjomba wetu, alipofanyiwa upasuaji wa tezi dume, alitamka mapema kwamba majibu apewe mwanawe wa kwanza. Alichagua mwenyewe, akiwa na akili zake timamu. Tatizo ni pale tunapomchagulia mtu, hasa akiwa mwanamke, na hasa pakiwapo mwanaume yeyote wa kuitwa, hata kama ni mdogo wake aliyemlea.

Kabla ya kuingia chumba cha upasuaji mgonjwa hutia saini fomu ya ridhaa. Iongezwe mstari mmoja: majibu yakitoka, apewe nani? Ajaze mwenyewe. Haihitaji bajeti wala semina.

Shemeji yangu mpaka leo anashikilia kwamba ningeibana siri ile japo wiki. Dada anamjibu kwamba wiki hiyo angeitumia kununua sare za shule badala ya kuulizia kipimo.