Mfumo Umegoma, Lakini Nani Alifagia?

Wiki ya mwisho ya kusajili kozi, semista iliyopita, nilikaa mbele ya kompyuta kuanzia saa nne usiku hadi saa nane. Kiduara kinazunguka tu. Mwenzangu wa chumba alikosa kozi moja, na siku ya mtihani jina lake halikuwepo kwenye orodha. Kila tulipouliza tuliambiwa: "Mfumo umegoma, mko wengi."

Jamani, wingi wetu si dharura. Tarehe za usajili zinajulikana tangu kalenda ya mwaka inapotoka.

Mimi nasomea ualimu, si kompyuta. Ila kwenye mazoezi ya kufundisha nilipewa rejesta ambayo taarifa ya mtoto ikibadilika, unakata mstari wake na kuiandika upya chini. Baada ya wiki chache kurasa zilijaa mistari iliyokatwa, na kumpata mtoto mmoja ilikuwa kazi. Rafiki yangu wa kompyuta alicheka, akaniambia kanzidata nyingine ziko hivyo hivyo.

Chukua PostgreSQL, inayotumika dunia nzima. Ukibadilisha taarifa, mstari wa zamani haufutwi papo hapo. Unabaki kama taka mpaka ufagiwe. Ufagio wa kujiendesha upo, lakini usipourekebisha unasubiri taka zifike takriban asilimia 20 ya jedwali. Jedwali la mistari 1,000,000 linasubiri taka 200,000 hivi! Kwa jedwali linalobadilishwa usiku kucha, mtu inabidi akishushe kiwango hicho. Tena kanzidata huchagua njia ya kutafuta kwa kutumia takwimu za majedwali yake. Takwimu zikipitwa na wakati, inaweza kupekua jedwali zima kumtafuta mwanafunzi mmoja.

Kwa hiyo nikisikia suluhisho ni seva mpya tu, nasita. Seva kubwa bila kufagia ni sawa na kuhamia nyumba kubwa pamoja na taka zako.

Najua watu wa TEHAMA ni wachache na wanachoka. Ndiyo maana naomba ratiba, siombi miujiza. Kwanza, matengenezo yafanyike na kutangazwa kabla ya kila dirisha la usajili kufunguliwa. Pili, nakala rudufu ya matokeo yetu irejeshwe kwenye mashine nyingine kila semista kama jaribio, kwa sababu nakala ambayo haijawahi kurejeshwa ni matumaini tu. Tatu, mfumo ukilala saa sita, muda wa usajili uongezwe saa sita.

Wawakilishi wetu wa serikali ya wanafunzi, kwenye kikao kijacho na utawala msiulize mfumo utapona lini. Ulizeni ulifagiwa lini mara ya mwisho, na nani alifagia. Mwenzangu anarudia kozi ile mwaka huu, naye anastahili jibu.