Ni nani atakayezipiga hesabu za maradhi ya akili?

Mzazi anayemsafirisha mwanawe mgonjwa wa akili kutoka Lodwar hadi Mathari, Nairobi, hubeba gharama ambazo hazimo katika daftari la hospitali yoyote. Nauli ya watu wawili, mbuzi waliouzwa, kibanda kilichofungwa sokoni na binti aliyeachishwa shule ili amlinde kakake, yote hayo ni fedha, ila hakuna azihesabuye.

Madaktari wa maradhi ya akili tunao, japo ni wachache mno. Wanauchumi pia tunao. Tuliyemkosa ni msomi aliyebobea katika mambo yote mawili, na msomi wa aina hiyo hapatikani siku ile anapovishwa joho la uzamifu.

Hebu tuutazame mfano wa Uingereza. Katika miaka ya 1980, wakuu wa afya waliamua kuzifunga Friern na Claybury, hospitali mbili kubwa za wagonjwa wa akili jijini London, na kuwahamishia wagonjwa katika makao madogo mitaani. Je, utunzaji wa nje ungegharimu kiasi gani? Martin Knapp na Jennifer Beecham, wakiwa Chuo Kikuu cha Kent, waliwafuata wagonjwa kundi baada ya kundi, wakiorodhesha kila huduma waliyoipata, iwe ya hospitali au la. Ikabainika kwamba waliotangulia kutoka waligharimu kidogo, kwani ndio waliokuwa na nguvu. Waliotoka baadaye, wenye maradhi sugu, waligharimu zaidi. Mtafiti ambaye angehesabu mwaka mmoja tu na kwenda zake angeipotosha serikali bila ya kukusudia.

Kazi kama hiyo haifanywi na mtu anayesahihisha karatasi za mtihani mia tano kila muhula. Hapo ndipo vyuo vikuu vyetu vinapokosea. Kijana akishahitimu uzamifu hutwikwa madarasa papo hapo, tena aghalabu kwa mkataba wa kibarua ambao malipo yake huchelewa. Huko Marekani, Taasisi ya Kitaifa ya Afya ya Akili ilianza zamani kuvipa vyuo fedha, chini ya sheria ya mwaka wa 1974, ili mhitimu wa uzamifu alipwe posho huku akifunzwa utafiti na mlezi mwenye uzoefu.

Wapo watakaosema kwamba hiyo ni anasa ya matajiri. Sikubaliani nao. Mwaka wa 2020, jopokazi lililoongozwa na Dkt. Frank Njenga lilipendekeza maradhi ya akili yatangazwe kuwa janga la kitaifa. Mwaka wa 2022 sheria ya afya ya akili ikarekebishwa, na kaunti zikakabidhiwa majukumu ya kutoa huduma hizo. Zitatenga shilingi ngapi, na kwa kipimo gani? Waziri wa afya wa kaunti akiulizwa na madiwani kwa nini fedha zisiende kwenye barabara, hana takwimu za kuwaonyesha. Atabaki kuwaomba huruma.

Vyuo vyenye vitivo vya utabibu na vya uchumi, kama vile Nairobi, Moi na Kenyatta, na vitenge nafasi mbili mbili za watafiti waliohitimu uzamifu, wasamehewe kufundisha kwa miaka miwili, na walelewe kwa pamoja na daktari na mwanauchumi. Wawafuate wagonjwa hadi majumbani mwao.