Homa ya Lamu ya 2004 na nywele zinyonyokazo

Uhusiano wa virusi, dawa na nywele waweza kupimwa Mkomani, mtaa wa kale wa mji wa Lamu, kisiwa ambacho mwaka 2004, wakati wa ukame, kilivamiwa na chikungunya, homa ya virusi ienezwayo na mbu wazaliao katika maji yaliyowekwa akiba majumbani, hata watafiti waliopima damu wakakadiria kuwa takriban asilimia 75 ya wakazi waliambukizwa.

Kila unywele hukua kwa miaka kadhaa, kisha hupumzika kwa miezi 3 hivi kabla ya kudondoka. Homa kali huziingiza nywele nyingi katika mapumziko kwa pamoja, nazo hutoka miezi 2 au 3 baadaye, wakati mgonjwa amekwisha kuisahau homa na analaumu kidonge alichokimeza jana. Lawama hiyo, ingawa paracetamoli haiistahili, si upuuzi mtupu, kwa kuwa methotreksati, ambayo baadhi ya madaktari huitoa maumivu ya viungo yaletwayo na chikungunya yakikataa kwisha, nayo yaweza kupunguza nywele. Msongo wa mawazo, ambao nao waweza kutoa nywele, hauepukiki kwa mvuvi asiyeweza kukunja vidole akavuta kamba, na kuutenga na athari ya virusi ni vigumu mno. Kuhesabu miezi kurudi nyuma husaidia kuliko mafuta yoyote ya kichwani, maana mashina ya nywele hayafi, na kwa kawaida nywele huota tena ndani ya miezi kadhaa, isipokuwa zikitoka kwa mabaka ya duara, dalili ya ugonjwa mwingine unaohitaji daktari.