Deni la Mtunzi wa Nyimbo

Ukimwuliza kijana wa Kisii au wa Nyamira anayetunga nyimbo ni nani waliomfundisha kazi hiyo, atakutajia majina mengi bila ya kusita. Atawataja Beatles wa Uingereza, Bob Marley wa Jamaika na Michael Jackson wa Marekani, na nyimbo zao azipendazo atazihesabu moja baada ya moja. Lakini mwulize ni mpiga obokano gani aliyepata kumsikiliza mpaka mwisho wa wimbo. Hapo ulimi wake utakuwa mzito. Insha hii inaupinga uzito huo wa ulimi.

Simo katika kundi la wale wasemao kuwa kupenda wimbo wa kigeni ni kuisaliti nchi. Watu hao hutupigia methali isemayo, Mwacha asili ni mtumwa. Methali ni ya kweli, lakini wameitia mahali pasipo pake, kwa maana kusikiliza si kuacha. Mchongaji wa Tabaka huchonga sataranji, mchezo ambao hatukuurithi kwa babu zetu, wala hakuna amwitaye mtumwa. Jiwe limetoka katika vilima vya kwao, na ustadi ni wa mkono wake.

Watazame majirani zetu Wakipsigis. Zamani walisikia katika santuri sauti ya Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani aliyefariki mwaka 1933. Jina lake liligeuka vinywani mwao likawa Chemirocha, na mwenye jina naye akageuka akawa kiumbe nusu mtu, nusu mnyama. Mwaka 1950 Hugh Tracey alipofika Kapkatet na mitambo yake ya kunasa sauti, wasichana walimwimbia wimbo wa Chemirocha kwa lugha yao, ukifuatana na kinubi chao. Hawakumwogopa mgeni wala hawakumwabudu. Walimkaribisha wakamvika nguo za kwao, na nyumba ikazidi kupendeza. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Sasa watazame hao hao unaowasifu. Rolling Stones walipoanza London mwaka 1962, jina lao walilitoa katika wimbo wa Muddy Waters, Mwamerika mweusi aliyekulia katika nchi ya mashamba ya pamba ya Mississippi. George Harrison wa Beatles alisafiri mpaka India mwaka 1966 ili ajifunze kupiga sitar kwa Ravi Shankar. Watu hao hawakuona haya kuwataja walimu wao mbele ya dunia nzima. Wewe unawaiga kwa mavazi, kwa nywele na kwa mapigo. Mbona huwaigi kwa adabu hii? Harrison alivuka bahari kumtafuta mwalimu. Mwalimu wako yuko ng'ambo ya bonde, nawe hujapata kubisha hodi.

Je, obokano ina aibu gani hata ifichwe? Ni kinubi kikubwa chenye nyuzi nane. Bakuli lake la mti huwambwa ngozi, na mikono miwili hutoka humo ikaunganishwa juu kwa mti wa kukingama, ambako nyuzi hufungwa na kukazwa. Hapo kale nyuzi zilitokana na mnyama. Siku hizi hutumiwa nailoni. Sauti yake ni nzito yenye mvumo, nzito kuliko ya nyatiti ya Waluo, iliyo ndugu yake. Mpigaji huimba mwenyewe. Husifu, huonya, hukumbusha mambo ya kale, na akipenda humtania mkubwa pasipo kumvunjia heshima. Kijana anayetaka kujua jinsi neno na sauti zinavyooana atafute chuo gani kilicho bora kuliko hiki?

Najua majibu yatakayotolewa. La kwanza ni kwamba obokano ni kitu cha wazee na cha pombe. Naam, ilipigwa penye pombe. Lakini ilipigwa pia harusini. Na gitaa, je, halikupigwa katika vilabu? Ala haiwezi kulewa. Alewaye ni mtu.

La pili ni kwamba nyuzi nane hazitoshi kwa nyimbo za leo. Jibu hili limekwisha kushindwa zamani. Wapigaji wa Kiluo waliojenga benga, miongoni mwao Daniel Owino Misiani wa Shirati Jazz, aliyefariki mwaka 2006, walishika gitaa la kigeni wakaliamuru lizungumze kama nyatiti. Hawakuibeba ala, walibeba akili iliyokuwamo ndani ya ala. Lakini ili uibebe akili hiyo, sharti kwanza uijue.

La tatu ni kwamba nyimbo za namna hiyo hazina wasikilizaji. Basi hayati Christopher Monyoncho alipata wapi jina lake? Aliimba kwa Ekegusii kwa gitaa na mapigo ya benga, na watu wa Kisii na Nyamira wakampenda kwa sababu walijisikia wenyewe ndani ya nyimbo zake.

Lawama si ya vijana peke yao. Sisi walimu tunayo sehemu yetu. Kenya ina tamasha la muziki lililoanza mwaka 1927, na kila mwaka shule nyingi hushindana humo kwa ngoma na ala za jadi. Ni jambo jema. Lakini ni shule ngapi ambazo obokano hutolewa ghalani kwa ajili ya tamasha, hutafutiwa alama, kisha hurudishwa gizani mpaka mwaka ujao? Ala iliyowekwa kwa ajili ya alama haizai mtunzi. Huzaa kikombe cha kuweka juu ya kabati.

Nawe, msomaji, fahamu kwamba deni hili lina muda wake. Wimbo wa Beatles utakungoja. Umenaswa, umehifadhiwa, utausikia hata ukiwa na umri wa miaka themanini. Mzee apigaye obokano hawezi kukungoja hivyo. Siku atakapozikwa, maneno yake ambayo hayakunaswa na mtu yatakwenda pamoja naye, na hata jinsi alivyokaza uzi wa kwanza mpaka wa nane haitajulikana. Usinunue majuto kwa bei hiyo. Likizo ijayo, tafuta mpigaji mmoja katika tarafa yenu. Mwamkie kwa heshima, keti, sikiliza mpaka mwisho, uliza, na kumbuka jina lake. Kisha rudi kwenye nyimbo zako za mbali uzipende upendavyo. Nawe ukiulizwa walimu wako ni nani, anza na yeye.